Tasfida, Siri na Msikilizaji: Mtoto Anayedhulumiwa katika Riwaya ya Kiswahili na Usomaji Wake Mpakani Busia na Malaba

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuorodhesha. Mhakiki anapotaka kuzungumzia dhuluma kwa watoto, aghalabu huliweka suala hilo pamoja na maudhui mengine kama ufisadi, ukabila, ulevi na ndoa za mapema, akataja mifano miwili mitatu kutoka katika matini, kisha akasonga mbele. Utaratibu huu una manufaa kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, na hatukusudii kuubeza. Hata hivyo, unaacha pengo kubwa. Orodha humjulisha msomaji kwamba mtoto ametendewa uovu. Haimwelezi ni nani aliyejua, ni nani aliyeambiwa, ni neno gani lililotumika kumwambia, wala aliyeambiwa alifanya nini baada ya kusikia.

Makala haya yanadai kwamba katika riwaya ya Kiswahili, dhuluma kwa mtoto ni nadra kutoonekana. Kwa kawaida yupo anayeona. Kinachokosekana ni msikilizaji, yaani mtu au taasisi iliyo tayari kulipokea neno la mtoto jinsi lilivyo na kulipeleka linakostahili. Ili kulithibitisha dai hili tutarejelea riwaya tatu: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014). Hizi mbili za mwisho zimewahi kuwa vitabu teule katika shule za sekondari nchini Kenya, kwa hiyo zimesomwa na maelfu ya watoto, wakiwemo wale ambao huenda yaliyosimuliwa humo yaliwafika.

Tutazisoma riwaya hizi tukiwa na mahali mahususi akilini, nayo ni miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Kenya na Uganda. Hatudai kwamba waandishi hawa waliisawiri miji hiyo. Tunachodai ni kwamba matini husomwa mahali fulani na watu fulani, na kwamba mahali hapo panaweza kulidhihirisha swali ambalo uhakiki wa jumla umelipita.

2.0 Mpaka kama Mahali pa Usomaji

Busia na Malaba ni milango miwili mikuu ya nchi kavu baina ya Kenya na Uganda. Yote miwili imo katika Kaunti ya Busia. Malori yaendayo Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo hupitia hapo, na kwa miaka mingi madereva wamekuwa wakilala njiani wakisubiri kuvushwa. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa rasmi Busia mnamo Februari 2018 kilikusudiwa kuupunguza usubiri huo. Pembeni mwa njia rasmi zipo njia za panya ambazo wenyeji wa pande zote mbili huzipita kila siku kwenda sokoni, shuleni, hospitalini na matangani. Wateso, Wasamia na jamaa nyingine zina ndugu huku na huku. Kiateso, lugha za Kiluhya, Kiganda, Kiingereza na Kiswahili hukutana katika duka moja.

Katika mazingira haya mtoto huonekana sana. Huonekana akiuza ndizi na mayai ya kuchemsha kando ya foleni ya malori. Huonekana akibeba mzigo kichwani kuvuka nao mpaka, au akifika kutoka mashariki mwa Uganda kutafuta kazi ya uyaya katika miji ya Kenya. Wapo wasichana ambao umaskini umewasukuma katika vyumba vya kulala wageni, na wapo watu wazima wanaojua umri wao na kunyamaza. Kwa hivyo haiwezekani kusema kwamba tatizo la mpakani ni kutoonekana. Mtoto yumo machoni pa askari, mfanyabiashara, dereva na mwalimu. Swali ni je, anapoonekana anasomwa vipi?

Ni eneo hilohilo lililokipatia Kiswahili cha Afrika Mashariki neno bodaboda, kutokana na baiskeli zilizowavusha watu kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Lugha ya mpakani basi haikosi uwezo wa kuunda jina pale biashara inapolihitaji. Kuhusu dhuluma kwa watoto, hali ni tofauti kabisa.

3.0 Tasfida na Kutotajika kwa Kitendo

Tasfida, kama inavyofahamika, ni matumizi ya maneno ya adabu mahali pa yale yanayohesabiwa kuwa makali au ya aibu. Katika uhakiki wetu tasfida huhesabiwa kuwa tamathali, na mwandishi aitumiaye husifiwa kwa kuchunga heshima ya hadhira. Tukiitazama kwa mtazamo wa mtoto aliyedhulumiwa, tasfida inageuka kuwa jambo zito zaidi.

Tuchukue mfano ambao kila aliyewahi kusoma hukumu za mahakama za Kenya ameukuta. Mtoto akiulizwa alichotendewa, mara nyingi hujibu kwamba fulani alimfanyia "tabia mbaya". Maneno haya mawili ni ya malezi. Ndiyo yaleyale anayoambiwa mtoto akichelewa kurudi nyumbani au akimtukana mwenzake. Mtoto anapoyatumia kueleza ubakaji, anatumia neno la pekee alilopewa na watu wazima kwa ajili ya uovu, na neno hilo limezoea kumlenga yeye. Matokeo yake ni kwamba anashtaki kwa msamiati wa anayeshtakiwa.

Mnamo 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ililizingatia jambo hili. Ilieleza kwamba mtoto aliyedhulumiwa anaweza, kwa sababu ya aibu au uhaba wa msamiati, kutumia tasfida ya aina hiyo, na kwamba si haki kuutupilia mbali ushahidi wake kwa kuwa hakutamka maneno ya kitabibu. Huu ni uhakiki wa lugha uliofanywa na majaji. Tunaona haya kukiri kwamba mahakama imeisoma tasfida kwa makini kuliko sisi tulioisomea fasihi.

Neno la sheria lenyewe halina usalama mkubwa. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya mwaka 2006 inatenganisha ubakaji wa mtu mzima na kosa la kumwingilia mtoto aliye chini ya miaka 18, na kosa hili la pili limetafsiriwa katika magazeti na mahakamani kuwa "unajisi". Tanzania Bara haikutenganisha hivyo. Kumwingilia msichana aliye chini ya miaka 18 kunaitwa kubaka, hata akidaiwa kuridhia. Neno najisi lina asili ya dini, na humaanisha uchafu unaokizuia kitu au mtu kukaribia ibada hadi atoharishwe. Mtu akisema mtoto amenajisiwa, sarufi inamfanya mdhalimu kuwa mtenda, lakini maana inaubakiza uchafu kwa mtendwa. Ndivyo ilivyo pia kwa "kuharibiwa", neno la mtaani ambalo hutumiwa hata na wazazi wenye nia njema. Chombo kilichoharibika huwekwa kando. Mzazi anayeamini kwamba bintiye ameharibika atakuwa na sababu nyingi za kuificha habari hiyo na chache za kuipeleka mbele.

Kuna kinyume cha tasfida hii, nacho ni jina zuri linalofunika ukatili ulio wazi. Katika Rosa Mistika, Zakaria anampiga bintiye Rosa bila huruma kwa sababu ya barua ya mvulana. Kitendo hiki hakifanyiki gizani. Kinajulikana na familia, na kingeweza kujulikana na kijiji kizima, lakini kina jina lake tayari, nalo ni malezi. Methali ipo ya kukitetea: samaki mkunje angali mbichi. Kezilahabi alitambua kwamba aliyekunjwa kwa namna hiyo huvunjika, na maisha ya Rosa baada ya hapo yanaithibitisha hoja hiyo. Wakosoaji wa awali walishughulishwa mno na ujasiri wa riwaya hii kuhusu mapenzi, hata ikazuiliwa shuleni kwa muda. Kipigo cha baba hakikumshtua mtu kwa kiwang'o hicho hicho cha mshtuko, na tofauti hiyo yatosha kuonyesha ni kitu gani jamii ilikuwa imejifunza kukiita aibu.

4.0 Sauna na Amri ya Kunyamaza

Katika Chozi la Heri, msomaji anakutana na Sauna kwanza akiwa yaya katika nyumba ya Lunga. Anaaminiwa, kisha anawaiba Dick na Mwaliko na kuwapeleka kwa Bi Kangara, mfanyabiashara wa watoto. Utoto wake unasimuliwa kwa mbinu rejeshi. Tunaelezwa kwamba baba wa kambo, Bwana Maya, alimdhulumu kimwili na kumpachika mimba. Kwamba mama alipojua, alimsaidia kuitoa. Na kwamba alimwonya asimwambie mtu yeyote.

Wahakiki wengi wamemweka Sauna katika kundi la wahusika waovu, na wachache wamemwonea huruma kama mwathiriwa. Misimamo yote miwili inaweza kutetewa. Tunachopendekeza ni kuuangalia ule wakati mmoja ambapo mama anajua. Kabla ya hapo, Sauna ni mtoto aliyedhulumiwa na mtu mmoja. Baada ya hapo, ni mtoto aliyeambiwa na mtu anayempenda kwamba neno lake halina pa kwenda. Siri ya mtungi aijuaye kata, husema wahenga. Hapa kata yenyewe ndiyo iliyoamrishwa kunyamaza.

Matei hamchori mama huyu kama jini. Anamsaidia bintiye kwa namna anayoijua, na msaada huo unalenga kuiokoa nyumba, sifa ya mume na labda chakula cha kesho. Hii ndiyo nguvu ya sura hiyo. Mwenye kunyamaza si lazima awe mkatili; yatosha awe na cha kupoteza. Msomaji wa Busia au Malaba atamtambua kwa urahisi, maana huko, kama kwingineko nchini, ziko kesi "zinazomalizwa nyumbani". Wazee huketi, mbuzi au pesa hutolewa, na mtoto huendelea kuishi jirani na aliyemtendea. Sheria ya mwaka 2006 haikuiachia familia uamuzi wa kuifuta kesi ya namna hiyo, ila mapatano ya nyumbani huja kabla ya sheria kupata habari.

Mnyororo wa kisa ni wa kusikitisha. Mtoto ambaye habari zake zilizuiwa anakuwa mtu mzima anayewazuia watoto wengine wasipatikane. Si kila aliyedhulumiwa hudhulumu, na mwalimu hana budi kulisisitiza hili darasani ili asimhukumu mwanafunzi aliye mbele yake. Lakini riwaya inauliza jambo halali: je, Sauna angekuwa nani kama mama yake angeambiwa, akasikia, na akaondoka na mtoto usiku ule?

5.0 Mleta Habari Kushukiwa

Kidagaa Kimemwozea inatuonyesha upande mwingine wa tatizo. Mtoto mchanga anaachwa mlangoni pa kibanda cha Amani. Amani na Imani wanampokea, wanamwita Uhuru, na anapougua wanampeleka zahanati. Wauguzi wanawapuuza. Mtoto anakufa, na walezi wake ndio wanaotiwa mbaroni kwa tuhuma za kumwua. Baadaye tunajua kwamba mzazi wa mtoto huyo ni Mtemi Nasaba Bora, mkubwa wa eneo, na kwamba mama yake ni Lowela, aliyekuwa msichana wa shule.

Sehemu hii imehakikiwa hasa kama kejeli juu ya uongozi mbaya baada ya uhuru, na jina la mtoto linaualika usomaji huo. Lakini tukilishikilia jina kama istiara pekee, tunawapoteza watoto wawili walio katika kisa: mchanga aliyekufa, na Lowela ambaye mtu mzima mwenye mamlaka alimtoa katika njia ya shule. Tunapoteza pia funzo kuhusu taarifa. Amani na Imani walifanya jambo sahihi. Waliona, wakajali, wakampeleka mtoto kwenye taasisi iliyopaswa kumsaidia. Taasisi ikawageuza kuwa washukiwa. Msomaji anayehitimisha kwamba ni salama zaidi kutojihusisha hajaisoma riwaya vibaya, bali amesoma hofu ambayo riwaya imeisawiri kwa usahihi.

Hofu hiyo ina historia katika kaunti tunayoizungumzia. Mwezi wa Juni 2013, msichana wa shule katika Kaunti ya Busia alibakwa na genge la wanaume na kutupwa katika shimo la choo, akapata majeraha mabaya. Baadhi ya waliotajwa walifikishwa katika kituo cha polisi, wakaamriwa kukata nyasi, kisha wakaachiliwa. Magazeti yalipoifichua habari hiyo, zaidi ya watu milioni moja kutoka duniani kote walitia sahihi ombi la kudai haki, na mnamo Aprili 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15.

Mhakiki wa lugha analo la kusema kuhusu nyasi hizo. Kukata nyasi ni adhabu ya mwanafunzi mtundu. Ubakaji wa genge ulipofika kituoni ulitafsiriwa kuwa utundu, yaani "tabia mbaya", na adhabu ikalingana na tafsiri. Ile tasfida ambayo mtoto huitumia kwa kukosa neno, askari waliitumia kwa kitendo ilhali walikuwa na neno na sheria mkononi. Ikumbukwe kwamba mwezi mmoja tu kabla ya tukio hilo, Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilikuwa imeamua kwamba polisi walikiuka haki za watoto kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko ya kudhulumiwa kwao. Neno sahihi lilikuwa limekwisha kutamkwa upande mmoja wa nchi. Halikuwa limefika upande wa pili.

6.0 Sadfa Mahali pa Utaratibu

Imekuwa kawaida kuilaumu riwaya ya Kiswahili kwa kutegemea sadfa. Katika Chozi la Heri, Umu anakutana tena na Dick katika uwanja wa ndege bila kutarajia, na kuunganishwa kwa nduguze hao kunaegemea sana bahati na ukarimu wa watu binafsi. Mhakiki mkali atasema huu ni udhaifu wa msuko.

Tunaafikiana naye kwa sehemu. Lakini sadfa hii pia ni ushahidi. Mwandishi anapotafuta namna ya kumwokoa mtoto na kukuta kwamba hakuna ngazi inayoaminika kutoka kwa mtoto hadi kwa mwokozi, hulazimika kuitumia bahati. Pale ambapo jamii ina utaratibu unaofanya kazi, riwaya huweza kuusimulia. Pale ambapo haina, au unao lakini hauaminiki, msuko huruka. Kwa hiyo sadfa si kasoro ya fani peke yake. Inaonyesha mahali ambapo ngazi imekatika.

Hatari iko katika upokezi. Kijana anayesoma kwamba watoto waliopotea huonana uwanja wa ndege anaweza kufarijika, na faraja si kitu kidogo. Lakini haambiwi aanzie wapi. Riwaya haina wajibu wa kumwambia. Mwalimu anao.

7.0 Wajibu wa Msomaji Aliyeko Darasani

Patakuwepo watakaotuuliza kama haya ni uhakiki au ni kazi ya afisa wa watoto. Jibu letu ni kwamba matini teule ni tukio la darasani. Mwalimu wa Malaba anapoisoma historia ya Sauna mbele ya wanafunzi arubaini au zaidi, huenda hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mmoja wao kusikia yaliyompata yakitajwa kwa sauti na mtu mzima. Mwanafunzi huyo anamsikiliza mwalimu kuliko anavyoisikiliza riwaya. Mwalimu akicheka, akimlaumu Sauna, au akiharakisha kwenda kwa tamathali za usemi, naye ametoa amri ya kunyamaza.

Kumsoma mhusika na kumwona mtoto ni stadi zinazokaribiana. Mhakiki hutambua mhusika kwa mabadiliko, kwa ukimya, kwa maelezo yasiyooana na tukio. Vivyo hivyo mwalimu hutazama: mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mkimya ghafla, anayeogopa kengele ya kwenda nyumbani, mwenye majeraha ambayo maelezo yake hayalingani nayo, anayekosa shule siku zilezile za wiki, aliyepata fedha, simu au viatu visivyo na asili, aliye na ujuzi wa mambo ya kimwili kupita umri wake. Hakuna dalili moja iliyo thibitisho. Lakini lisemwalo lipo, na dalili zikirundikana, kutouliza nako ni uamuzi.

Mtoto akisema, asikilizwe kwa maneno yake mwenyewe na yaandikwe kama alivyoyatamka, hata kama ni "tabia mbaya" tu. Asirudishwe nyuma kwa maswali ya kumtilia maneno kinywani, asilaumiwe, wala asiahidiwe siri isiyoweza kutunzwa. Aliyepata habari hana haja ya kuwa na ushahidi kamili. Uchunguzi ni kazi ya wengine. Afisa wa watoto yupo katika serikali, na vituo vya polisi vinatakiwa kuwa na dawati la jinsia. Hospitali ni ya haraka, kwani dawa za kuzuia Ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Kuajiri Walimu unamtaka mwalimu anayejua au kushuku dhuluma ya kijinsia dhidi ya mwanafunzi aripoti katika saa 24. Nambari ya simu 116 hupigwa bila malipo, na kwa wakazi wa mpakani ina faida ya pekee: ni hiyohiyo Kenya na Uganda. Mtoto aliyevushwa usiku kutoka upande mmoja hadi mwingine hakuvuka nje ya nambari hiyo.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya tatu tulizozitaja zimefanya zaidi ya kutaja dhuluma kwa watoto. Zimeichora njia ya habari: jina zuri linalofunika kipigo katika Rosa Mistika, amri ya kunyamaza katika Chozi la Heri, na mleta habari kugeuzwa mshukiwa katika Kidagaa Kimemwozea. Uhakiki wa kuorodhesha hauwezi kuiona njia hiyo kwa sababu huanza na kumaliza kwa kitendo.

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni la utafiti: istilahi za Kiswahili kuhusu dhuluma kwa watoto zichunguzwe upya, na wataalamu wa lugha washirikiane na mahakama na wakunga wa sheria kutafuta neno lisilomwachia mtoto uchafu wa mtu mwingine. La pili ni la ufundishaji: katika kila somo la riwaya yenye mtoto aliyedhulumiwa, pamoja na swali la nani alitenda, liulizwe swali la nani aliambiwa na alifanya nini. Mwanafunzi wa Busia atakayelijibu swali hilo kuhusu Sauna atakuwa amejifunza kuhakiki. Na ikiwa yeye mwenyewe ana la kusema, atakuwa ameonyeshwa kwamba katika chumba kile yupo mtu mmoja anayejua kusikiliza.